Jinsi ya kutambua chanzo cha gari kuukuu kukosa nguvu

NA MWANDISHI WETU

DEREVA anayelipita lori katika barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru hutegemea jambo moja: kwamba akikanyaga mafuta, injini itaitika. Ikikosa kuitika ilhali yuko upande wa magari yanayomkabili, maisha yake na ya abiria wake yamo hatarini.

Licha ya hatari hiyo, gari kuukuu linapopungukiwa na nguvu, mara nyingi tiba huwa ya kubahatisha. Plagi hubadilishwa, kisha koili, kisha pampu ya petroli, na mwenye gari hulipia vipuri vitatu ambapo kimoja tu ndicho kilichoharibika. Njia bora ni kuanza na uchunguzi usiogharimu chochote.

Kwanza, hakikisha kwamba kasoro ipo. Injini isiyo na taboi hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa huwa nyepesi zaidi. Hivyo, gari lililozoea Mombasa halitakuwa na nguvu zile zile likifika Limuru. Kasoro ni pale gari linaposhindwa na mlima liliokuwa likiupanda bila taabu.

Pili, sikiliza injini. Ikiwa mngurumo unapanda lakini mwendo hauongezeki, huenda klachi imeisha na inateleza. Aidha, baada ya safari fupi, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na joto jingi kuliko mengine, breki yake huenda imenasa. Injini haina lawama katika hali hizo mbili.

Iwapo mngurumo wenyewe ni hafifu, basi kumbuka kwamba injini ya petroli huhitaji hewa, petroli na cheche, na moshi wake sharti upate njia ya kutokea.

Kuhusu hewa, fungua chujio ulitazame. Katika barabara za vumbi huziba mapema. Kagua pia mpira unaopitisha hewa hadi kwenye injini, kwani hupasuka kwa uzee. Kisha, injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage mafuta hadi mwisho nawe utazame iwapo kebo inafungua mlango wa hewa wote.

Petroli ina dalili yake. Gari huwaka vyema na kunguruma sawasawa likiwa limesimama, lakini hufifia kwa mwendo wa kasi au mlimani. Sababu ni kwamba injini isiyo na mzigo hunywa petroli kidogo, hata chujio lililoziba nusu huitosheleza. Mwambie fundi apime shinikizo la petroli kabla ya kukuuzia pampu.

Katika magari ya kabureta, kama Peugeot 504, gari likisita kwa nukta chache unapokanyaga mafuta kisha likazinduka, shuku pampu ndogo iliyomo ndani ya kabureta. Zima injini, subiri ipoe, kisha vuta kebo ukitazama mdomo wa kabureta. Petroli isiporuka, kasoro umeipata. Usikaribishe moto wala sigara.

Usisahau ubora wa petroli yenyewe. Uchanganyaji wa mafuta ya magari na mafuta taa ulikithiri nchini hata serikali ikaanza kutoza ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mnamo Septemba 2018 ili kuukomesha. Petroli iliyochanganywa hivyo huifanya injini kugonga na kuishiwa nguvu. Tatizo likianza punde baada ya kujaza tangi, hapo ndipo pa kuanzia.

Cheche ikiwa dhaifu, gari hutetemeka na kurukaruka likibeba mzigo. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, yenye masizi makavu huonyesha petroli imezidi, nayo iliyolowa oili huashiria ringi zilizochakaa. Ukifungua boneti gizani injini ikiwaka, waya mbovu huonekana ukirusha cheche nje.

Magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990 hujieleza yenyewe. Fundi huunganisha matundu ya TE1 na E1 katika kisanduku kilicho chini ya boneti, kisha hufungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini humwekamweka kwa kuhesabu nambari ya kasoro.

Mwisho, gari likizidi kudhoofika kadiri mwendo unavyoongezwa huku moshi ukitoka kwa unyonge, huenda eksozi imeziba ndani. Hayo yote yakiwa sawa, ndipo silinda zipimwe mgandamizo.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha ulijaribu gari katika mlima ule ule. Na hadi litakapopona, lifuate lori polepole. Usilipite.