Mtoto Akikua, Je, Aache Michezo ya Kujenga?

Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo ambalo kwa macho ya wengi ni dogo, nalo limeleta ugomvi katika nyumba moja ya Kikristo tuijuayo. Jina la nyumba hiyo hatulitaji, wala usharika wake. Mna kijana wa miaka 15, mwanafunzi wa kipaimara, ajuaye sana kutengeneza magari ya waya. Mwaka jana alitengeneza basi lenye urefu wa mkono mzima, lenye milango ifungukayo, na usukani ugeuzao magurudumu ya mbele. Kazi hiyo ilimchukua majuma matano. Juma lile la kubarikiwa kwake, baba yake, ambaye ni mzee wa kanisa, alilikanyaga basi lile hata likawa bapa, akasema kwamba mtu akaribiaye Meza ya Bwana haendeshi waya njiani pamoja na watoto. Kijana hakujibu neno. Tangu siku ile hajashika koleo, wala hasemi na babaye ila kwa lazima. Mama yake ametuuliza: Je, baba alitenda haki? Yafaa mtu mkubwa aendelee kujenga vya mchezo, au ni jambo ambalo kila mtu hana budi kuliacha akikua?

Twamjibu mama huyo katika gazeti, maana twajua kwamba nyumba nyingine zina swali lilo hilo.

Kwanza na tuutazame mchezo wenyewe. Mtoto wa miaka 4 huchukua bua la mhindi, akalifunga kamba, akalivuta, akasema ni gari moshi. Halina magurudumu, wala si neno kwake. Magurudumu yamo moyoni mwake. Akifika miaka 8 ataka magurudumu ya kweli, basi hukata kandambili iliyochakaa au hutoboa vifuniko vya makopo. Akifika miaka 12 ataka yazunguke sawasawa, na usukani uwe mrefu umfikie mkononi akiwa amesimama. Akifika miaka 15, basi la abiria likipita yeye hainami kutazama rangi yake, bali huinama atazame chini ya uvungu wake, ajue springi zimefungwaje. Kuna kitu kilichoachwa njiani, nacho ni kule kudhania kwamba bua ni gari. Lakini kujenga hakukuachwa. Kumezidi kuwa kugumu na kwa kweli zaidi. Watu wengi huyachanganya mambo haya mawili, ndiyo sababu hukumu yao ni kali.

Baba yule alileta neno la Mtume Paulo kwa Wakorintho, waraka wa kwanza, sura ya 13, pale anenapo kwamba mtu akiwa mzima huyaweka kando ya utoto. Sisi twaliheshimu neno hilo. Lakini sura ile ni sura ya upendo, na mtume asema habari ya maarifa yetu yaliyo nusu nusu, hasemi habari ya waya na koleo. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa kushona mahema, nayo kazi ya mikono hakuiona kuwa aibu. Na nabii Zekaria, katika sura ya 8, alipoonyesha baraka ya Yerusalemu, aliweka katika njia zile zile wazee wenye mikongojo na watoto wachezao, wala hakuwatenga.

Walimu watapenda kukumbushwa habari ya Friedrich Fröbel wa Ujerumani, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, aliyezaliwa mwaka 1782, akafiwa na mama kabla hajatimiza mwaka mmoja. Huyu ndiye aliyeanzisha shule za watoto wadogo aliziita bustani ya watoto. Aliwapa watoto vipande vya mti vya kujengea. Kimojawapo ni mchemraba uliokatwa kuwa michemraba midogo 8, mtoto aupambanue na kuurudisha. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule zake mwaka 1851, naye akafa mwaka uliofuata, kabla marufuku hayo hayajaondolewa mwaka 1860. Basi twajua kwamba si wazee wetu peke yao waliowahi kuvitilia shaka vipande vya mti.

Lakini habari itufaayo zaidi ni ya fundi seremala wa Denmark, Ole Kirk Christiansen, Mkristo mcha Mungu wa kijiji cha Billund. Mwaka 1932 kazi ya kujenga nyumba ilikuwa imekwisha kwa sababu ya umaskini ulioenea duniani, akaanza kuchonga vitu vidogo vya nyumbani na vya kuchezea. Mwaka huo huo mkewe alikufa, akamwachia watoto wanne wa kiume. Yasimuliwa kwamba alipowaomba nduguze wamdhamini apate mkopo, waliuliza kama hawezi kupata kazi yenye faida kuliko kuchonga vya watoto. Hakuiacha. Siku moja mwanawe Godtfred alimwambia kwa furaha kwamba ameokoa fedha, maana bata wa mbao aliwapaka vanishi mara mbili badala ya tatu. Babaye akamwagiza awarudishe bata wote kutoka stesheni, awapake mara ya tatu, usiku ule ule. (Mafundi wa meza za shule zetu na wasome hapo mara mbili.) Mwaka 1942 karakana yake iliteketea kwa moto, akaijenga tena. Mwaka 1949 walianza kufanya matofali madogo ya plastiki, na mwaka 1958 Godtfred akaomba hati ya kulinda namna mpya ya matofali hayo, ambayo ndani yake yana vijibomba vya kuyashika yasiachane. Ole Kirk alifariki mwaka huo huo. Jina la vitu hivyo ni LEGO, lililofupishwa kutoka maneno ya Kidenmark yenye maana ya kucheza vema.

Mwalimu wa hesabu aweza kulitumia tofali hilo darasani. Matofali mawili ya namna moja na rangi moja, kila moja lenye vinundu 8, yaweza kuunganishwa kwa njia 24. Yakiwa matatu, njia ni 1,060. Yakiwa sita, njia ni 915,103,765. Ni nani basi awezaye kusema kwamba amekua hata akayamaliza? Zamani wenye kiwanda waliwafikiria watoto hasa, lakini mwaka 2020 walianza kuandika juu ya baadhi ya maboksi kwamba ni ya watu wa miaka 18 na zaidi, kwa kuwa walikwisha kuona kwamba wanunuzi wengi ni watu wazima wajijengeao wenyewe.

Wengine watasema, Hayo ni mambo ya Ulaya, ya watu wenye nafasi na fedha. Neno hilo lina kweli ndani yake, nasi tutalirudia. Lakini kujenga kwa watu wazima si kupoteza wakati sikuzote. Mwaka 1953, huko Cambridge, Uingereza, Francis Crick, mtu wa miaka 36, na James Watson, wa miaka 24, walisimama mbele ya vibati na vyuma vilivyounganishwa kama mchezo wa watoto. Watson alikuwa amekata vipande vya karatasi ngumu, akivisogeza juu ya meza apate kuona vinavyolingana. Kwa njia hiyo, na kwa msaada wa picha na vipimo vya bibi Rosalind Franklin, walitambua umbo la kitu kile kilichomo ndani ya chembe za mwili, kichukuacho urithi wa mzazi kwa mtoto. Mtu aliyechungulia mlangoni angeona wanaume wawili wakicheza.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya. Katika nchi ya Malawi, wilaya ya Kasungu, alikuwako kijana William Kamkwamba, aliyezaliwa mwaka 1987. Njaa kubwa ilipoingia alitoka shule kwa kukosa ada. Akaenda kuazima vitabu katika maktaba ya shule ya msingi, na ingawa Kiingereza chake kilikuwa kidogo, alizisoma picha. Mwaka 1992 alikuwa mtoto wa miaka 5; mwaka 2002 alikuwa na miaka 14, umri ambao wengi wetu twasema, Acha vitu hivyo. Akaokota pangaboi la trekta, vyuma vya baiskeli na bomba la plastiki, akasimamisha nguzo za mti, akajenga kinu cha upepo, na taa ikawaka nyumbani kwao. Watu wengi walimdhania kuwa ana wazimu. Baadaye alisoma chuo kikuu huko Marekani, akamaliza mwaka 2014. Kama mtu angalikanyaga vyuma vyake siku zile za kwanza, hatudhani kwamba angalianza tena.

Basi twamjibu mama: Baba hakutenda haki. Alikuwa na haki ya kuuliza kama kazi za shamba na mafundisho zimetimizwa, na kwa habari tulizopata zilikuwa zimetimizwa. Paulo huyo huyo aliwaonya akina baba, katika waraka kwa Waefeso, wasiwatie watoto wao hasira. Twamshauri mzee wetu atafute waya, aupeleke kwa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Hana haja ya kutoa hotuba.

Wazee wetu wa zamani waliweka mpaka. Kijana akitoka jandoni hakurudi kucheza na wadogo. Lakini angalieni: mikono yake haikuachwa mitupu. Aliyechonga kigari alipewa kuchonga kigoda, kinu na mpini wa jembe. Sisi tumeushika mpaka, tukaisahau kazi iliyokuwa ng'ambo yake. Kijana wa leo twamwambia aache waya, wala hatumpi randa. Basi huketi kibarazani pa duka, simu mkononi, akichezea kamari ya mpira. Huo nao ni mchezo, wala haujengi hata kibanda cha kuku.

Tulisema tutarudia habari ya fedha. Ni kweli kwamba maboksi ya matofali yale yana bei kubwa, na mwalimu atakayenunua moja kwa ada ya mwanawe amekosa, hata akijenga Hekalu la Sulemani. Vivyo hivyo mtu mzima aliyezama katika vitu vyake hata mkewe akalima peke yake. Lakini kosa hilo si la kujenga. Hata kwaya yaweza kumtoa mtu shambani.

Na wasichana je? Hao hatuwaulizi kama wamekua. Twawaachisha mapema mno. Msichana wa miaka 7 afinyangaye jiko na nyumba yenye vyumba vitatu huitwa abebe mtoto, na kaka yake aendelea na gari lake mpaka miaka 14. Tumeona msichana wa darasa la sita akichora ramani ya nyumba chini kwa kijiti, na mahali pa moshi kutokea, vizuri kuliko fundi aliyejenga jiko la shule yetu. Hakuna aliyemwuliza neno.

Walimu watakaotaka kujaribu, na watenge pembe moja ya darasa kwa ajili ya waya, makopo, mabua na udongo wa mfinyanzi, wavulana na wasichana pamoja, Jumamosi baada ya usafi. Wazee wakija kutazama, wapewe viti na koleo. Waya uombwe kwa wenye nyumba zinazojengwa, kwa kuwa ule wa uzio wa misheni umekwisha kupungua kwa namna tusiyoielewa, na mchungaji ameanza kuuhesabu.