Tovuti ikikugomea, usifute kila kitu kwenye simu

KABLA hujanunua bando lingine au kumlipa jamaa wa saiba akufungulie fomu iliyokataa kwa simu yako, soma hapa kwanza.

Unaijua hiyo hali. Umeandika barua pepe na nywila sawasawa, umebonyeza kitufe cha kuingia, kisha ukurasa unazunguka weee na kukurudisha pale pale pa kuandika nywila. Huambiwi umekosea wapi. Unajaribu tena, unarudishwa tena. Na rafiki yako aliyeketi kando anaingia bila shida, tovuti ile ile, intaneti ile ile.

Hilo la rafiki ndilo dokezo. Kama tovuti inamkubali yeye na kukukataa wewe, basi huenda shida haiko kwa mtandao. Iko ndani ya kivinjari chako, na mshukiwa wa kwanza ni kidakuzi, au kuki, kama wengi tunavyozoea kusema.

Kidakuzi ni nini hasa? Fikiria ile sehemu ya kuacha mizigo mlangoni mwa supamaketi. Unampa mhudumu begi lako, analiweka kwenye rafu na kukupa kibao chenye nambari. Ukitoka hakuulizi jina wala mtaa unakoishi. Anaangalia kibao, anakupa begi, unaenda zako.

Tovuti nayo haikumbuki mtu. Kila ukurasa unaofungua, kwake ni kama mgeni mpya amebisha hodi. Ndiyo maana ukishaingia kwa nywila, inakipa kivinjari chako maandishi mafupi yenye nambari yako. Kila ukibonyeza kitu, kivinjari kinaonyesha nambari hiyo, na tovuti inajua ni wewe. Maandishi hayo ndiyo kidakuzi.

Aliyebuni mtindo huu ni Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape nchini Marekani, mnamo 1994. Wakati huo walitaka duka la mtandaoni liweze kukumbuka bidhaa ambazo mteja ameweka kapuni.

Sasa, kibao huharibikaje?

Njia ya kwanza ni tovuti kufanyiwa marekebisho. Usiku rafu zimepangwa upya, asubuhi wewe unakuja na kibao cha jana. Mhudumu hakielewi, anakurudisha mwanzo wa foleni. Hapo ndipo kile kizunguzungu cha kuingia na kurudishwa hutokea.

Njia ya pili ni vidakuzi vya tovuti moja kurundikana. Seva huwa na kikomo cha mzigo inaokubali kupokea kwa kila ombi. Ukipita hapo, unaonyeshwa kosa nambari 400 hata kama hujafanya lolote baya.

Njia ya tatu ni muda kuisha. Umefungua fomu ndefu ya mkopo au ya kazi, ukaenda kula, ukarudi na kubonyeza kitufe cha kutuma. Tovuti inasema muda wako umekwisha, na yote uliyoandika yamepotea. Hapa huhitaji kufuta chochote, unaingia upya tu. Lakini siku nyingine andika majibu marefu kando, kwenye programu ya kuandikia ya simu, kisha uyabandike kwenye fomu.

Pia angalia tarehe na saa ya simu yako. Simu ikidhani ni mwaka ujao, inaweza kutupa vidakuzi vizima ikiamini vimepitwa na wakati.

Kabla hujafuta kitu, fanya jaribio moja la nusu dakika. Kwenye Chrome, bonyeza vile vitone vitatu vya juu, ufungue ukurasa wa hali fiche. Ukurasa huo hautumii vidakuzi vyako vya kawaida, kwa hivyo unaifikia tovuti ukiwa mgeni kabisa. Jaribu kuingia.

Ikikubali, umempata mshukiwa. Ikikataa hata huko, uwezekano mkubwa ni kwamba shida iko upande wao: seva imelemewa au iko chini. Hapo hata ukifuta simu nzima hutapata nafuu. Subiri, ujaribu usiku wa manane au alfajiri watu wakiwa wamelala.

Tuseme hali fiche imekubali. Rudi kwenye ukurasa wa kawaida wa tovuti hiyo. Kwenye Chrome ya simu, bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani ya tovuti. Utaona sehemu ya vidakuzi na data ya tovuti, pamoja na alama ya kufuta. Kwenye Firefox, njia inaanzia kwenye alama iliyo kando ya anwani. Kwa iPhone, nenda kwenye mipangilio ya Safari, ushuke hadi sehemu ya mipangilio ya kina, ufungue data ya tovuti, utafute jina la tovuti iliyokugomea na kuifuta hiyo pekee.

Ukimaliza, funga ukurasa, ufungue upya, uingie kwa nywila. Utapewa kibao kipya.

Mbona nasisitiza hiyo pekee? Kwa sababu ushauri utakaopewa na wengi ni ‘futa zote’, na huo una gharama. Ukifuta vidakuzi vyote, karibu kila tovuti itakusahau na kukudai nywila. Je, unazikumbuka zote? Kuna akaunti ambayo umekaa ndani yake miaka mitatu bila kuandika nywila, na nambari ya simu uliyosajili nayo ni ya ile laini iliyopotea pamoja na simu yako. Kidakuzi ndicho kilichokuwa kikikuweka ndani. Ukikifuta, umejifungia nje na ufunguo huna.

Kwa hivyo, kama ni lazima ufute zote, kwanza hakikisha barua pepe na nambari za kurejesha akaunti zako ni zile unazotumia leo. Kisha soma orodha polepole kabla ya kukubali. Katika baadhi ya vivinjari, orodha hiyo hiyo ina mahali pa kufuta nywila zilizohifadhiwa. Hapo usiguse.

Usichanganye pia vidakuzi na akiba ya picha na faili. Akiba ni vipande vya tovuti ambavyo simu imeviweka ili isivipakue kila mara. Ukurasa ukionekana umepinda, au kitufe ambacho wenzako wanakiona kwako hakipo, futa akiba. Haitakutoa kwenye akaunti, ila jua picha hizo zitapakuliwa upya kwa bando lako.

Wengine wakikasirika huzima vidakuzi kabisa kwenye mipangilio. Hapo ni kama kukataa kibao chochote halafu udai begi. Tovuti nyingi zinazohitaji uingie kwa nywila hazitakufanyia kazi.

Kuna mahali pamoja ambapo ushauri wangu unageuka: saiba, kompyuta ya maktaba, au simu ya kuazima. Huko usiache kidakuzi hata kimoja.

Kufunga ukurasa si kutoka kwenye akaunti. Kibao kinaweza kubaki kwenye ile kompyuta, na anayekuja baada yako akifungua tovuti hiyo, anakabidhiwa begi lako. Hahitaji nywila yako. Anaona kitambulisho ulichopakia, anasoma barua pepe zako, na akitaka anabadilisha nambari ya simu kwenye akaunti.

Basi ukiketi saiba, anza na hali fiche. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha kutoka kwenye akaunti, kisha funga madirisha yote ya hali fiche. Kama ulitumia ukurasa wa kawaida, futa vidakuzi vyote kabla ya kuinuka. Na ukifika nyumbani ukumbuke hukutoka, chukua simu yako mara moja: akaunti ya Google, kwa mfano, ina ukurasa unaoonyesha vifaa vyote vilivyoingia, na unaweza kuiondoa ile kompyuta ukiwa kitandani. Kisha badilisha nywila.

Mwisho, usingoje dakika za majeruhi. Juni 30 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru, na hata wewe mwanafunzi mwenye PIN asiye na mapato unatakiwa kuwasilisha. Ukichelewa, faini ni Sh2,000. Usiku huo wa mwisho, tovuti ikikugomea, itakuwa vigumu kujua kama ni kidakuzi chako au ni seva iliyolemewa na Wakenya wenzako. Ingia wiki mbili mapema. Ikikataa, utakuwa na muda wa kujaribu hali fiche, ufute kidakuzi kimoja, umalize kazi yako bila presha.