Tiara za Tarifa: Uulize Upepo Kabla ya Kuingia Baharini

Kusini kabisa mwa Hispania, pale Atlantiki inapokutana na Mediterania, pana mji mdogo uitwao Tarifa. Jina hilo lina historia na Waislamu: linatokana na Tarif bin Malik, aliyetua hapo na kikosi chake mwaka 91 Hijria, yaani 710 Miladia, mwaka mmoja kabla ya Tariq bin Ziyad kuvuka na jeshi lake. Ngome iliyojengwa kwa amri ya Khalifa Abdurrahman wa Tatu ingali imesimama, ikiikabili Moroko iliyo ng'ambo, umbali wa kilomita 14 hivi.

Leo wanaojaa katika ufuo wa Los Lances, ulio upande wa Atlantiki, ni vijana wenye tiara. Mchezaji hujifunga mkanda kiunoni, husimama juu ya ubao, akavutwa juu ya mawimbi na tiara kubwa iliyoshikwa kwa kamba za mita 20 au zaidi. Tiara ya kujazwa hewa, isiyozama ikianguka majini, ilibuniwa na ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliosajili uvumbuzi wao mwaka 1984. Miaka 40 baadaye, mchezo huu uliingia katika Olimpiki ya Paris.

Kilichotuvutia sisi, hata hivyo, ni elimu ya upepo. Wenyeji wa Tarifa wana Levante, utokao mawio, na Poniente, utokao machweo. Nasi tuliorithi kaskazi na kusi, matlai na umande, twawaelewa bila mkalimani. Hata neno matlai asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mawio. Poniente huvuma kutoka baharini, hivyo aliyeshindwa husukumwa mchangani. Levante hapo Los Lances huvuma kutoka nchi kavu, mara nyingi kwa kishindo. Tiara ikianguka, mtu huchukuliwa kuelekea bahari kuu. Ndiyo maana mwenye busara hatosheki kuuliza upepo una nguvu kiasi gani. Huuliza kwanza unakwenda wapi.

Habari hii yatugusa, kwa kuwa mchezo wenyewe umekwisha kufika Diani na Watamu, na watoto wetu wanautazama kwa hamu. Hatusemi wakatazwe. Siha ni neema, na bahari ni urithi wetu. Lakini mzazi na aulize: mwanangu ajua kuogelea barabara? Anayemfundisha amefunzwa na nani? Amevaa jaketi la kuokolea? Kile kifaa cha kumfungua haraka kutoka kwenye tiara amekijaribu kwa mkono wake mwenyewe? Na iwapo atachukuliwa na maji, ipo mashua ya kumfuata?

Tawakali haimwondolei mja wajibu wa kuchukua hadhari. Wazee wetu hawakutweka tanga kabla ya kuutazama upepo, na elimu hiyo ingali ni amana mikononi mwetu.

Basi jioni moja, baada ya Alasiri, mchukue mwanao ufuoni. Aokote mchanga mkavu, auachie hewani, atazame unakopeperukia. Kisha muulize: ukichoka, upepo huu utakurudisha nyumbani?