Mlima, Kinamasi na Magofu: Biashara ya Wageni Kati ya Kitale na Bungoma

Katika pwani ya kusini ya Uturuki, ambako milima ya Taurus hushuka hata ikakaribia kutia miguu katika Bahari ya Mediteranea, wenye biashara ya utalii walitambua kwamba mgeni aliyekuja kwa ajili ya kuogelea huikinai bahari kwa siku chache, na kwamba huyo huyo, akionyeshwa njia ya kupanda mlimani na magofu ya mji wa kale yaliyomezwa na msitu, ataongeza siku za kukaa bila ya kubembelezwa. Mwaka 1999 ilifunguliwa huko Njia ya Lycia, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, ipitayo kandokando ya Olympos, Phaselis na Patara; na alama zake ni mistari miwili tu, mweupe na mwekundu, iliyopakwa juu ya mawe. Si hoteli kubwa iliyomfikisha mgeni katika vijiji vya mlimani, bali kopo la rangi.

Naitaja habari hii ya mbali kwa kuwa Magharibi ya Kenya, baina ya Kitale na Bungoma, mlima upo, viumbe wa porini wapo, na magofu yapo. Bahari haipo, wala haiwezi kuletwa. Lakini njia ya kuyaunganisha hayo matatu haipo pia, nayo yaweza kuletwa.

Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, ni volkeno iliyozimika tangu dahari. Kilele chake kirefu kupita vyote, Wagagai, kimo upande wa Uganda kwa mita 4,321, na Koitobos wa upande wa Kenya hupungukiwa na hicho kwa mita mia moja hivi. Hifadhi ya Taifa ya upande wetu, iliyotangazwa mwaka 1968, ina kilomita za mraba 169, na lango lake la Chorlim li karibu na Kitale kiasi kwamba aliyestaftahi mjini anaweza kuwa chini ya miti ya podo kabla jua halijawa kali. Humo limo pango la Kitum, liingialo mlimani kama mita 200, ambamo ndovu huingia usiku kwa kupapasa giza kwa mikonga, wakachokoa ukuta kwa pembe na kutafuna jiwe lenye chumvi; ajaba ambayo, lau ingalikuwa katika nchi nyingine, ingalichorwa katika stempu na sarafu. Mvumbuzi Joseph Thomson, alipofika mlimani mwaka 1883, alikuta watu wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao, akastaajabu ni nani aliyeyachimba.

Kutoka Kitale kwa barabara ya Kapenguria, mwendo wa kilomita ishirini na ushei, iko Hifadhi ya Kinamasi cha Saiwa, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, kwani haizidi kilomita za mraba tatu. Ilitengwa mwaka 1974 kwa sababu ya nzohe, paa wa majini mwenye kwato ndefu zilizoachana, asiyezama katika matope. Hapana gari liingialo. Mgeni hutembea kwa miguu juu ya mbao, hupanda katika ulingo, hungoja. Na hapa ndipo penye siri ya biashara nzima, ambayo ni ajabu kwamba haitiliwi maanani: nzohe hutoka mateteni alfajiri na jioni, ndovu wa Kitum huenda pangoni usiku, na mawingu ya Elgon aghalabu hufunika vilele ikisha kupita adhuhuri. Bidhaa ya nchi hii haiuziki mchana. Anayekuja saa tano na kuondoka saa tisa huona majani na tope, akarudi kwao akisema hapana kitu. Anayelala ndiye anayeona.

Lakini ni nani alalaye? Vyumba vya Kitale havikosi watu, ila wengi wao hawakuja kwa matembezi. Ni mji wa mahindi na mbegu. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzia hapa mwaka 1956, na wanunuzi wa nafaka, maafisa wa semina, wakandarasi na wasafiri waendao Turkana ndio wanaolipa kodi ya vitanda kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Bungoma kuna mazishi, harusi na mikutano ya siasa, na mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, tohara ya Wabukusu huwarejesha wana kutoka Nairobi na Mombasa kwa maelfu. Hao, hata hivyo, hulala kwa mjomba na kwa shangazi, na fedha yao huishia kwa matatu, ng'ombe na soda. Hapana ubaya. Ila mwenye gesti asijidanganye kwamba watu hao ni watalii, wala asipange vyumba vyake kwa hesabu yao.

Kenya ilipokea wageni wapatao milioni 2.4 kutoka nje mwaka 2024, na mapato yakakadiriwa kuwa shilingi bilioni 452. Wengi walikwenda wanakokwenda siku zote: Nairobi, Maasai Mara, Diani, Watamu. Elgon haikukosa sababu za kusahauliwa. Mwaka 1980 mgeni wa Kifaransa, na mwaka 1987 mvulana wa Kidenmaki, walipatwa na homa ya Marburg baada ya kuzuru Kitum. Watafiti waliokwenda kupekua pango hawakukiona kirusi hicho, lakini kitabu cha Richard Preston kilichotoka mwaka 1994 kiliisambaza habari ya msiba huo ulimwenguni kuliko tangazo lolote la utalii. Kisha zikaja fitina za ardhi, na wapiganaji wa kundi la waasi la SLDF, na operesheni ya jeshi ya Machi 2008, ambazo ziliwaumiza wenyeji mno hata suala la watalii likawa dogo kulitaja. Wingu hilo limeondoka, lakini katika vitabu vya waongozaji na vichwa vya mawakala halijaondoka lote.

Ama magofu, hayo yamepuuzwa kupita kiasi. Juu ya mji wa Webuye, katika kilima cha Chetambe, Wabukusu walijihami mwaka 1895 ndani ya ngome ya udongo iliyozungukwa na handaki, dhidi ya msafara wa Waingereza ulioongozwa na Charles Hobley. Walishindwa kwa bunduki, wakapoteza watu na ng'ombe wengi. Leo mgeni hukuta miinuko, majani na mandhari ya kupendeza, na asipopata mzee wa kumweleza hajui kwamba amekanyaga makaburi. Chini yake Mto Nzoia huporomoka katika maporomoko ya Nabuyole, mji mzima ukiutazama tangu kiwanda cha karatasi kilipofungwa mwaka 2009, ambacho kilikuwa roho ya Webuye. Upande wa Trans Nzoia yako mashimo ya Wasirikwa, mazizi ya kale yaliyozungushiwa mawe, ambayo wakulima huyazunguka kwa plau au huyafukia. Na Kitale ipo Makumbusho iliyotokana na mkusanyiko wa Kanali Stoneham wa wadudu, ndege na vitabu. Wanafunzi huijaza kwa mabasi wakati wa muhula. Mgeni wa peke yake hupita mlangoni asijue kwamba humo ndani ndimo ingempasa kuanza safari.

Sababu ya utengano huu imo katika milki. Hifadhi ni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, makumbusho ni ya shirika jingine, msitu una wakala wake, kilima cha Chetambe kimo Bungoma na Saiwa imo Trans Nzoia, na kila mmoja hukata tiketi yake akiona kodi yake, haoni usiku wa pili ambao jirani yake angeuleta. Tiketi moja ya siku tatu, na waongozaji vijana waliofunzwa historia kwa kiasi kile kile wanachofunzwa ndege, zingegharimu kidogo kuliko jengo lolote linalowekewa jiwe la msingi kabla ya uchaguzi.

Barabara ya Suam imerahisisha kuvuka kwenda Kapchorwa, upande wa Uganda, na viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda, iliyoanza mwaka 2014, humruhusu mgeni kuuzunguka mlima mzima kwa karatasi moja. Upande wa Bungoma, njia ya kupandia kupitia Kimilili na Kapsokwony huelekea Chepkitale, nyanda za juu zilizogeuzwa hifadhi mwaka 2000 bila ya ridhaa ya Waogiek wakazi wake, hata mahakama ya Bungoma ikawarudishia haki yao mwaka 2022. Anayetaka kupeleka wapandaji huko itampasa kwanza kuketi na wazee wa Kiogiek, kukubaliana nao bei ya mwongozaji na mahali pa kupiga hema, kisha ndipo achapishe tangazo.