Grafiti: Kutoka Ukutani Hadi Jumba la Sanaa

Ukisikia neno "grafiti" usidhani nasema ule mkwaruzo wa "nilikuwa hapa" nyuma ya mlango wa bweni. (Una undugu nayo, lakini tuuache.) Nasema ile michoro ipigwayo kwa kopo la rangi ya kupuliza, mara nyingi usiku, kwenye ukuta usio wa mchoraji. Vijana wa Philadelphia na New York waliivumisha kuanzia miaka ya 1960 kwa kuandika majina yao ya kujibandika kutani na kwenye magari ya moshi. Kufikia 1973 kazi zao zilikuwa zimeshatundikwa katika jumba la sanaa la Razor, New York. Jean-Michel Basquiat naye alianzia kutani. Picha yake moja ya 1982 iliuzwa mwaka 2017 kwa dola milioni 110.5. Mwenyewe alikwisha kufa 1988!

Hapa Nairobi ukuta wetu wa kwanza ulikuwa na magurudumu. Ni matatu. Fundi wa jua kali hupiga bodi msasa, akapaka rangi ya chini, kisha akapuliza sura za wanamuziki na wacheza mpira. Hizo ndizo manyanga za miaka ya 1990, ambazo siku hizi twaziita nganya. Sheria za Waziri John Michuki za 2004 zilileta mstari wa manjano, michoro ikafifia, hadi Rais Uhuru Kenyatta alipoiruhusu tena mwishoni mwa 2014.

Kuta zenyewe zilipata sauti kubwa Februari 2012. Wachoraji Swift, Uhuru B na Bankslave, pamoja na mwanaharakati Boniface Mwangi, walichora tumbusi aliyevaa suti karibu na City Market, katikati ya jiji. Tumbusi ndiye mwanasiasa. Mzoga sote twaujua. Uchaguzi ulikuwa mwaka uliofuata. Muuza maua, mbeba mizigo, hata kanju aliyekuwa akimfukuza mchuuzi, wote waliweza kumtazama bila kulipa ndururu.

Sasa tupande matatu twende magharibi. Shirika la Kuona Trust, lililoanzishwa 1995, lilihamia Likoni Close, Kilimani, mwaka 2008. Huko ndiko Dennis Muraguri alikofanyia chapa zake za matatu. Huchonga ubao kwa patasi, akaupaka wino, akabana karatasi juu yake. Ubao mmoja hutoa nakala kadhaa, kila moja ina nambari yake. Chapa kama hizo ndizo zinazonunuliwa na watu wa majumba ya sanaa, nami sioni ubaya. Msanii hulipa kodi kama wewe na mimi, na ukuta haulipi hata chai.

Kinachonikera ni watazamaji. Matatu za nambari 46 ziendazo Kawangware hupita Yaya, si mbali na hapo. Siku moja nilimwuliza makanga kama amewahi kuona michoro ya matatu huko ndani. Akacheka: "Buda, si hii hapa nje?"

Matatu huingia jumbani bila taabu kwa kuwa tayari ni pambo. Yule tumbusi ni kesi nyingine. Mtundike Lavington kwenye ukuta mweupe, penye kimya na glasi za mvinyo, na huenda akanunuliwa na mwanasiasa yuleyule aliyechorwa.