Mke wa Rais Hapigiwi Kura

Wajukuu zangu wa Buhemba, habari za dhahabu mnazisikia kila siku. Leo nawasimulia za mtu mwingine kabisa: mke wa rais. Hakuna anayempigia kura, Katiba haimpi kazi yoyote, na bado nchi nzima inamtazama.

Nianzie mbali, Marekani. Franklin Roosevelt alipoapishwa kuwa rais mwaka 1933, miguu yake ilikuwa imepooza tangu 1921. Mkewe, Eleanor, akawa anatembea kwa niaba yake: anakwenda migodini, mashambani, kwa watu waliokosa kazi, kisha anamrudishia mumewe habari za alichokiona. Akafanya na jambo moja la akili sana. Alikuwa akiwaita waandishi wa habari Ikulu, ila wanawake peke yao. Mnaiona hesabu yake? Gazeti lililotaka habari zile lilipaswa kuwa na mwandishi mwanamke, na wakati ule magazeti mengi yalipendelea kuajiri wanaume. Hakutunga sheria yoyote, lakini wapo wanawake waliobaki kazini kwa sababu yake. Baada ya mumewe kufariki mwaka 1945, alipelekwa Umoja wa Mataifa, akaongoza kamisheni iliyoandika Tamko la Haki za Binadamu, lililopitishwa Desemba 10, 1948.

Sasa turudi kwetu mkoani Mara. Maria Waningu Gabriel Magige alizaliwa Baraki, katika wilaya ambayo leo ni Rorya, siku ya mwisho ya mwaka 1930. Alisomea ualimu Sumve, akafundisha Nyegina, hapo karibu na Musoma. Januari 1953 akafunga ndoa na mwalimu mwenzake wa Butiama, Julius Nyerere.

Mwaka 1955 Nyerere, aliyekuwa kiongozi wa chama cha TANU na huku akifundisha shule ya Pugu, alisafiri kwenda New York kuisemea Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliporudi akatakiwa achague: ualimu au siasa. Akachagua siasa, na mshahara ukakoma. Nyumbani kuna watoto wadogo, na wageni wa siasa hawakatiki. Hapo Mama Maria akafungua kiduka Dar es Salaam, akauza mafuta ya taa. Kazi hiyo mnaijua: unamimina kwenye chupa kwa faneli, mkono usitikisike, na jioni ukinawa hata mara tatu bado vidole vinanuka taa. Vitabu vinaikumbuka sana hotuba ya New York, na vinafanya vyema. Lakini mimi nashikilia kwamba kiduka kile nacho ni sehemu ya historia ya uhuru, maana mtu asiye na mshahara hawezi kuzunguka nchi akihutubia huku wanawe wanalala njaa.

Mumewe alipokuwa rais, Mama Maria hakujitafutia madaraka. Baadhi ya waliomfuata walikwenda njia nyingine. Mama Anna Mkapa alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote, ukawasaidia wanawake wajasiriamali. Mama Salma Kikwete, naye mwalimu, alianzisha taasisi ya WAMA, akahimiza elimu ya wasichana; baadaye akawa mbunge. Julai 2013 wake wa marais wa Afrika walikutana Dar es Salaam, wakiwepo pia Laura Bush na Michelle Obama wa Marekani.

Kazi hizo ni njema, nazipenda. Ila nawafundisha kuuliza pia. Tajiri akichangia taasisi ya mke wa rais, ni vigumu kujua kama anawahurumia wasichana wasio na madaftari au anatafuta mlango wa Ikulu. Mbunge akikosea, wananchi wanamwondoa kwa kura. Mke wa rais wanamwondoa kwa lipi? Swali hilo halihusu wanawake tu. Tangu 2021 rais wetu ni Mama Samia Suluhu Hassan, kwa hiyo mwenza wa rais sasa ni mwanamume.

Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere alistaafu urais, akarudi na Mama Maria Butiama kulima. Huko sasa kuna kaburi la Mwalimu na makumbusho. Shule ikiwapeleka, msiishie kutazama picha za marais waliomtembelea. Waulizeni wenyeji habari za Mama na mafuta yake ya taa.