Wiki Tatu bila Kuona Nchi Kavu: Familia Zinazovuka Pasifiki kwa Tanga

Kati ya visiwa vya Galápagos, vilivyo chini ya Ekuador, na visiwa vya Marquesas, vilivyo sehemu ya Polinesia ya Kifaransa, kuna mwendo wa maili za baharini zipatazo 3,000, yaani zaidi ya kilomita 5,500, ambamo hakuna kisiwa cha kutia nanga. Mashua ya matanga yenye urefu wa mita 12 hivi, ambayo ni ya kawaida kwa familia, hukata maili 120 hadi 150 kwa siku upepo ukiwa mwema, hivyo safari huchukua wiki tatu au zaidi. Wengi huondoka kuanzia Machi, majira ya vimbunga vya Pasifiki ya Kusini yanapokaribia kwisha, wakisukumwa na pepo za biashara, yaani zile pepo za kudumu zivumazo kuelekea ikweta, ambazo kwa asili ni ndugu wa kusi inayofahamika sana katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa kuwa pepo hizo huvuma kutoka kusini-mashariki na mashua inaelekea magharibi, tanga laweza kukaa siku kadhaa bila kuguswa, ingawa mashua nayo hulala upande huu na upande huu usiku na mchana, na uchovu utokanao na mrama huo ndio unaotawala maisha yote ya ndani.

Jambo linalopangwa kabla ya mengine yote ni usingizi. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinataka kila chombo kiwe na mtu wa kuangalia wakati wote, na sababu yake ni dhahiri, kwani meli ya mizigo inayochomoza kwenye upeo wa macho yaweza kuifikia mashua ndogo kwa muda wa robo saa au zaidi kidogo. Baba na mama wakiwa ndio mabaharia pekee, hugawana usiku kwa zamu za saa tatu au nne, na mchana, wakati ambapo aliyekesha angependa kulala, watoto wako macho na wanataka kula, kucheza na kuulizwa hali. Wasioijua bahari hudhani kwamba adui mkubwa wa familia hizi ni dhoruba. Katika njia hii, kwa majira haya, adui wa kila siku ni usingizi usiotosha, kwa sababu mzazi aliyechoka hukosea kufunga kamba, hukosea kusoma chati na hukosea kumwangalia mtoto.

Ndiyo maana sheria za watoto huwa chache na hazibembelezwi. Mtoto hatoki chumbani kwenda sitahani bila mkubwa kujua, na akitoka huvaa mkanda wa kifuani ulioungwa kwa kamba fupi na ugwe mrefu uliotandazwa toka omo hadi tezi, ili aweze kutembea bila kujifungua. Mashua inayokwenda maili 6 kwa saa husogea mita 185 kwa dakika moja, na kichwa cha mtu aliye majini hufichwa na wimbi la kwanza tu. Hesabu hiyo yatosha kueleza kwa nini jambo hili halina msamaha. Vitandani hufungwa vitambaa vya turubai ubavuni ili anayelala asibwagwe chini, na jiko huning'inizwa kwenye bawaba mbili ili sufuria ibaki wima mashua inapolala.

Siku tatu za mwanzo ni za kichefuchefu, kinacholetwa na ubongo kupokea habari zinazopingana: sikio la ndani linasema mwili unayumba, jicho lililo ndani ya chumba linasema kila kitu kimetulia. Watoto wa chini ya miaka miwili huugua kwa nadra, ilhali wa umri wa shule huteseka zaidi, nao hupelekwa penye hewa na kuambiwa watazame upeo wa macho.

Baada ya hapo masomo huanza, kwa kawaida asubuhi, na hapa bahari yenyewe ni mwalimu asiye na mfano. Saa za Marquesas ziko nyuma ya zile za Galápagos kwa saa tatu na nusu, na kwa kuwa jua husafiri nyuzi 15 za longitudo kwa saa, mtoto anayerudisha nyuma saa ya ukutani kila baada ya siku kadhaa hujifunza mzunguko wa dunia kwa namna ambayo ubao wa darasani hauwezi kumfunza. Yeye ndiye pia anayetumwa alfajiri kuokota panzi, wale samaki warukao waliojitupa sitahani usiku, na ndiye anayegeuza mayai ili yasiharibike upesi. Kazi hizi si za kumshughulisha tu: chombo chenye watu wanne kinamhitaji kweli, na huenda hilo ndilo linaloifanya safari iwe na thamani kubwa kwake, kwa maana ni watoto wachache wa siku hizi wanaojua kwamba wazazi wao wanawategemea.

Maji ndiyo hesabu ngumu kuliko zote. Watu wanne wakitumia lita 4 kila mmoja kwa siku 25 huhitaji lita 400, kiasi kinachoweza kumaliza matangi yote ya mashua ndogo, na maji ya bahari hayawezi kuziba pengo, kwa kuwa kila lita ina takriban gramu 35 za chumvi, na figo huhitaji maji zaidi ya yaliyonywewa ili kuiondoa. Siku hizi mashua nyingi hubeba mtambo unaosukuma maji ya bahari kwa nguvu kupitia utando unaozuia chumvi. Hata hivyo mtambo huharibika, na nahodha mwangalifu hubeba maji kana kwamba hanao.

Njia hii hii ndiyo iliyoipatia familia ya Dougal Robertson, Mskoti, mkasa wake. Tarehe 15 Juni 1972, siku chache baada ya kuondoka Galápagos kuelekea Marquesas, mashua yao iitwayo Lucette iligongwa na nyangumi wauaji na kuzama kwa dakika chache. Robertson, mkewe Lyn aliyekuwa muuguzi, wana wao watatu na kijana mmoja aliyesafiri nao waliingia katika chelezo cha mpira, ambacho kilidumu siku 17, kisha wote sita wakabanana ndani ya mtumbwi mdogo wa urefu usiofikia mita 3. Walikinga mvua, wakala nyama ya kasa na kunywa damu yake, na maji machafu yasiyonyweka Lyn aliyaingiza mwilini mwao kwa njia ya haja kubwa, ambako hayaleti kutapika. Waliokolewa na meli ya uvuvi ya Kijapani tarehe 23 Julai, baada ya siku 38, wote wakiwa hai. Hawakuwa na redio ya kuita msaada. Leo mashua hubeba kifaa kinachotuma ishara kwa satelaiti, mfumo ulioanza kuokoa watu mwaka 1982.

Kifaa hicho kimeleta swali jipya. Aprili 2014 familia moja ya Kimarekani, ikiwa mamia ya maili kutoka pwani ya Meksiko, iliomba msaada kwa ajili ya mtoto wake wa mwaka mmoja aliyekuwa mgonjwa. Waokoaji waliruka kwa miavuli, na meli ya kivita ikawachukua wote. Watu wengi waliwalaumu wazazi kwa kumpeleka mtoto mchanga baharini. Lawama hiyo ilipita kiasi, maana watoto wamezaliwa na kukulia vyomboni tangu watu walipoanza kusafiri. Lakini ni kweli pia kwamba mtoto wa mwaka mmoja hawezi kueleza anaumwa wapi, na daktari wa redio au simu ya satelaiti hawezi kumgusa tumbo. Familia zilizo makini humfanyia mtoto uchunguzi kamili kabla ya kung'oa nanga, hujifunza kushona jeraha na kupima dozi kwa uzito wa mwili, na mtoto akiwa ametoka tu kuugua, huahirisha safari, kwani baada ya siku ya pili au ya tatu pepo zile zile zinazowapeleka haziwaruhusu kurudi.